Nyoka Niliyemnywesha Maziwa ya Mama

Wiki iliyopita mjukuu wangu alisahau gilasi ya maziwa nyuma ya pazia la dirisha, ikakaa huko siku tatu za joto hili. Nilipoiokota ilikuwa imeshaganda na inanuka, na kwa kuwa pazia lile huwa nalirashia marashi, harufu mbili zikachanganyika, maziwa yaliyochacha na marashi. Nikakaa kitako kitandani na gilasi mkononi. Mjukuu alidhani nimekasirika, akaanza kuniomba radhi. Sikukasirika. Nilichoka tu, uchovu ule wa ghafla ambao nyie wa rika langu mnaujua, usiotokana na kazi ya leo bali na jambo ulilolifanya zamani na hukupata wa kumwambia.

Basi nitakwambieni nyie.

Tulikuwa tukikaa Ng'ambo, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, vyumba viwili na ukumbi, na uani nyuma penye jiko, choo na banda la kuni. Tulikuwa watu watatu: Bibi yangu mzaa mama, Mama, na mimi, wa miaka minane au tisa, hakuna aliyeandika. Baba alikuwa Pemba kwenye mavuno ya karafuu, na mwaka ule karafuu zilizaa sana, kwa hiyo tulijua hatutamwona mpaka zishe. Mama alijifungua Baba akiwa huko. Mtoto hakukaa. Alizikwa siku ile ile alasiri, na mimi nikapelekwa kwa jirani nikala mandazi mpaka nikashiba, nikiona ni siku nzuri. Niliporudi nilimkuta Mama amelala amegeukia ukuta, na huko ukutani akabaki.

Alipauka. Viganja vyake vikawa vyeupe kama unga wa muhogo, na akisimama kwenda chooni ilibidi Bibi amshike kwapani. Daktari wa hospitali alisema damu imempungukia sana. Alimpa dawa ya maji meusi, akamsisitizia Bibi kwamba mgonjwa apate maziwa gilasi moja asubuhi na moja jioni, na yai kila siku, na maini yakipatikana. Bibi alimsikiliza kwa adabu, na aliporudi nyumbani akafanya kama alivyoambiwa. Kisha, kwa kuwa Bibi alikuwa mtu wa kufunga mlango wa mbele na wa nyuma pia, akamwita fundi wa pepo.

Fundi alikuwa mwanamke mnene, mpole, ananukia udi. Alimfukiza Mama, akamshika kichwa, akasoma na kunong'ona muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nikiangalia kwa tundu moja nililokuwa nikilijua.

"Ana mwenyewe huyu," fundi akasema. "Kamfata tangu shamba. Ana njaa, ana kiu, na hajapewa haki yake."

"Sasa haki yake tutaitoa wapi, na mumewe yuko Pemba?" Bibi akauliza.

"Ngoma itasubiri karafuu. Lakini asiachwe na kiu, Bi mkubwa. Akikauka yeye, na huyu atakauka."

Mtu mzima angeelewa kwamba kinachotakiwa ni kikombe cha maji ya marashi uvunguni mwa kitanda, na dua. Ndivyo Bibi alivyofanya jioni ile ile. Lakini mimi nilielewa kwamba kuna mtu mahali fulani ana kiu, kwamba roho ya Mama imefungwa kwake, na kwamba hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyefanya haraka kumtafuta. Usiku ule nililala nikiwashangaa watu wazima.

Siku ya pili yake alikuja Bi Tatu. Huyu alikuwa mwanamke wa Kidichi aliyetuletea kuni na makumbi ya nazi kila Jumatatu, juu ya gari la ng'ombe la mumewe. Kazi yangu ilikuwa kuyapanga makumbi bandani. Nikashika kumbi moja, na ndani yake, kwenye nyuzinyuzi, amejikunja nyoka.

Alikuwa mtoto wa nyoka, wa kahawia, mwembamba kama kalamu ya risasi, na urefu wake haukuzidi mkono wangu toka kiwiko hadi vidole. Alikuwa na mstari mweupe uliopita juu ya jicho, kama aliyetiwa wanja na mtu asiyejua kutia. Hakunikimbia. Alinyanyua kichwa, akatoa ulimi, akaurudisha.

Mwaka wa nyuma yake nyoka mkubwa alipata kuonekana ukumbini kwetu, na Bibi hakuchukua fimbo. Alisimama mbali, akajitanda kanga yake vizuri kama anayepokea mgeni, akamwambia, "Ikiwa wewe ni nyoka tu, njia ile pale. Na ikiwa ni mwenzetu, tuondokee kwa salama. Tunakupa siku tatu." Ndivyo wazee wetu walivyofanya; nyoka wa nyumbani hauawi mpaka kwanza aambiwe, kwa sababu huenda si nyoka. Yule wa ukumbini alitoka siku ile ile. Kwa hiyo mimi nilijua kwamba wako nyoka ambao si nyoka. Na huyu alikuwa ametoka shamba, kama alivyosema fundi, na amekuja mwenyewe mpaka bandani petu, siku moja tu baada ya kutajwa.

Nikamwambia, "Shikamoo."

Hakuitikia, lakini sikutegemea. Nikamtia katika mtungi wa Bibi uliovunjika shingo, nikaufunika kwa kawa bovu na jiwe juu yake, nikauficha nyuma ya makumbi. Sikumwambia mtu. Watu wazima wenyewe hawakuwa wakimtaja kwa sauti, ningemtaja mimi?

Sasa pepo anakula nini? Hilo nilikuwa nalijua vizuri kuliko sala zangu, maana nimeshaona sinia zao nyumba za watu. Wanapewa mayai, asali, halua, marashi, na wengine maziwa. Halua hatukuwa nayo, lakini nilipata kipande kwa jirani kwa kumfagilia uani, nikakitupia mtungini. Nilimtilia sukari. Nilifukiza ubani mdogo bandani mpaka Bibi akauliza nani anaunguza nini. Halafu nikafika kwenye maziwa.

Maziwa yaliletwa asubuhi na jioni na mzee mmoja mwenye baiskeli na mikebe miwili. Bibi aliyachemsha, akayatia katika gilasi, akanipa mimi nimpelekee Mama. Kutoka jikoni hadi chumbani kwa Mama ni kupita uani, mbele ya banda la kuni. Pale niliingia, nikamimina nusu katika kikopo cha bati nilichokiweka mtungini, nikatia na tone la marashi, kisha nikaijaza gilasi kwa maji ya mtungi wa kunywea, nikampelekea Mama. Asubuhi nusu, jioni nusu. Na yai, Mama mwenyewe alikuwa akila nusu tu na kunisukumia sahani, akisema, "Nshashiba, chukua." Hilo nalo nililipeleka bandani.

Wala sikuona kwamba namnyima Mama. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe, ingawa halinisaidii kitu. Niliona nampa Mama kwa mlango mwengine, mlango wenyewe khasa. Gilasi ilikuwa ya daktari, kikopo kilikuwa cha roho yake.

Lakini mwenye mtungi hakunywa. Kila nikifunua nilikuta maziwa yameganda, sisimizi wamejaa, na yeye kajikunja upande wa pili, mbali na kikopo. Nilimbembeleza. Nilizidisha sukari, nilizidisha marashi. Nilimwambia Baba anakuja, karafuu zimezaa, ngoma yake itapigwa, asubiri kidogo. Banda likaanza kunuka. Siku zikapita, nadhani wiki mbili, na ngozi yake ikaanza kuwa na makunyanzi ubavuni, ikabaki na mikunjo kama kanga iliyokamuliwa. Na Mama naye alikuwa akizidiwa. Alikuwa akiniita kwa sauti ndogo hata Bibi hakuisikia, mimi tu nikiisikia, nikiitika "Naam, Mama," na nikifika hana la kunituma. Ananitazama tu.

Bibi naye alishaona kuna kitu hakiendi. Mgonjwa anakunywa gilasi mbili kwa siku na hapati nguvu, basi ubaya uko kwenye maziwa. Akamsimamia muuza maziwa mlangoni.

"Wee mzee, hukhofu Mungu? Unatia maji maziwa ya mgonjwa?"

Mzee wa watu akaapa kwa kila alichonacho kwamba hajatia tone. Majirani wakatoka. Siku zile watu walikuwa wameshaanza kununiana kwa mambo ya siasa, na ugomvi mdogo ulikuwa haukosi wa kuutilia kuni. Mimi nilijibanza ukutani. Ndipo Mama aliposema kutoka ndani, kwa shida, "Mwacheni baba wa watu. Maziwa yake mazuri."

Bibi akamwachia njia. Mzee akapanda baiskeli yake akaenda zake, na tangu siku ile hakutusalimia vizuri.

Kisha ikafika asubuhi nilipofunua kawa na kumkuta macho yamemgeuka. Yalikuwa meusi yanayong'ara. Sasa yalikuwa na ukungu, rangi ya maziwa yenyewe. Rangi ya mwili nayo imefifia, na ngozi imepasuka kidogo mdomoni, haikutoka wala haikushika. Nikamgusa kwa kidole, hakutikisika sana. Kafa macho, nikajisemea, na kesho atakufa mwili. Nikakimbia chumbani kwa Mama, nikapanda kitandani, nikamfunua kope kwa vidole nione na yake yakoje. Mama alinishika mkono akaniuliza nina nini. Nililia kilio ambacho mpaka leo, nikikikumbuka, kifua kinaniuma mahali pale pale.

Ilikuwa Jumatatu, na Mungu ana rehema zake. Bi Tatu aliposhusha kuni zake nilimvuta mkono mpaka bandani, nikamwonyesha. Sikuwa tena na khiari. Alikuwa mtu wa shamba, na yule alitoka shamba. Kama kuna anayejua desturi zake, ni yeye.

Bi Tatu alichutama, akachungulia mtungini, akapeleka mkono puani.

"Yarabi! Nini humu?"

"Maziwa. Na yai. Na halua kidogo."

"Na halua kaila?"

"Hakula."

Akaingiza mkono, akamtoa nyoka kama anayetoa uzi katika sindano, akamweka kiganjani. Hakuogopa hata kidogo. "Kakauka huyu," akasema. "Mtazame ubavu wake. Anakufa kiu."

"Nampa maziwa kila siku, Bi Tatu. Hayataki."

"Nyoka na maziwa wapi na wapi, mwanangu? Hata ungekuwa mnyama wa jangwani usingeyataka haya. Anataka maji. Maji matupu, ya mferejini." Akatazama huku na huku, akaokota sahani ya bati ya Bibi iliyobanduka rangi, iliyokuwa ikitumika kuchotea majivu. "Chombo kiwe kipana kama hiki, si kikopo. Apate kuingia mwili mzima, alale ndani. Yasiwe mengi, asije akazama. Na ubadilishe kila siku, maana wao hufanya haja zao mumo mumo."

"Na macho? Si ameshakuwa kipofu?"

"Hana upofu. Anataka kuvua gamba. Wakitaka kuvua ndivyo wafanyavyo, macho huingia ukungu. Lakini kwa ukavu huu gamba halitoki, litamganda. Mtilie makumbi uliyoyaroweka, apitepite ndani yake ajisugue."

Nilimuuliza chakula. Akasema mjusi, mdogo, asizidi unene wa nyoka mwenyewe, au kitoto cha panya kisichoota manyoya. Mmoja kwa wiki, basi. "Na akishameza usimshike siku mbili tatu, utamtapisha. Wala usimlishe sasa. Sasa maji tu, mpaka avue."

Nikauliza lile lililonifanya nimwonyeshe. "Bi Tatu, akinywa, Mama atapona?"

Alinitazama, kisha akatazama dirisha la chumba cha Mama lililokuwa hapo karibu, limerudishwa nusu. Nadhani alielewa yote kwa mara moja. Hakucheka, wala hakuniambia mjinga wewe.

"Mpe maji kwanza," akasema.

Tukayatia maji pamoja. Alimweka ukingoni mwa sahani, nasi tukachutama tukimtazama. Muda ukapita, nikaanza tena kulia. Halafu akasogea, akashusha kidevu juu ya maji, na koo lake likaanza kucheza. Alikunywa. Alikunywa muda mrefu sana, kidogo kidogo, bila ya kunyanyua kichwa, na mimi nikahesabu mipwito ya koo lile mpaka nikapotelewa na hesabu. Baadaye akaingia mwili mzima, akalala majini, kichwa tu nje. Sijaona tena katika maisha yangu kiumbe akishukuru vile, na mimi nimezaa watoto sita.

Toka siku ile maziwa sikuyagusa. Sababu yake ni hiyo tu, kwamba hayatakiwi bandani. Gilasi ilikwenda kwa Mama nzima, asubuhi na jioni, na yai nilikuwa namwambia, "Maliza, Mama, mie sitaki." Kazi yangu ikawa maji, na mijusi. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulikuwa tumefundishwa kwamba kumuua mjusi kafiri kuna thawabu, kwa hiyo Bibi aliponiona na ufagio napiga kuta aliniombea dua, akawaambia majirani mjukuu wake ameshika dini. Sikuwa nikiwaua. Nilikuwa nawatikisa wakianguka nawafunika kwa kifuu, nachagua wadogo.

Gamba lilitoka siku ya nne, zima, toka mdomoni hadi mkiani, limegeuka ndani nje kama soksi. Chini yake alikuwa mpya, anameremeta, macho meusi. Wiki iliyofuata alimeza mjusi wa kwanza, na katika wiki hiyo hiyo Mama aligeuka kutoka ukutani. Wiki ya pili alikaa kitandani akasukwa nywele. Alipomeza mjusi wa tatu, Mama alitoka uani kwa miguu yake, akashika ukuta, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwenye jua la asubuhi akauliza nani kaziacha sufuria hivi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa banda. Niambieni nyie, mtoto gani angefikiri vyengine? Daktari alijisifu dawa yake. Fundi alijisifu udi wake. Bibi akawashukuru wote wawili. Mimi nikakaa kimya na furaha yangu, na furaha ile ilikuwa kubwa kuliko mwili wangu.

Lile gamba ndilo lililoniponza. Nilikuwa nimelichukua nikalilaza chini ya godoro la Mama, upande wa kichwa, liwe kinga. Bibi alipotoa godoro kulianika, likaanguka miguuni pake. Sikupata kumwona Bibi akiogopa kabla ya siku ile. Alijifunga kanga, akazunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba, uani, chooni na bandani, akisema kwa sauti ile ile ya kupokea wageni, "Mwenzetu, tumekuona. Tuondokee kwa salama. Siku tatu." Na akaongeza la nne, ambalo mara ya kwanza hakulisema: siku tatu zikipita, ataita vijana wa mtaa waje na magongo.

Siku tatu zile sikula. Nikimwachia, nani atampa maji? Na akikauka, Mama je? Nikimbakisha atapigwa magongo, na hapo sikutaka hata kufikiri. Mama alikuwa amekaa ukumbini akichambua mchele, mikono yake imeanza kupata rangi, na mimi namtazama kama mtu anayetazama taa yenye mafuta kidogo.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatatu. Nilimpa Bi Tatu mtungi na nyoka ndani yake, umefungwa kitambaa, na sahani ya bati juu. Nilimkariria aliyonifundisha mwenyewe: maji matupu, kila siku, sahani pana, mjusi mdogo kwa wiki, usimshike akishameza.

"Nshasikia," akasema. "Nitamtunza."

"Wallahi?"

"Nshakwambia nitamtunza, mwanangu. Nenda kamwangalie mama yako."

Na kila Jumatatu baada ya hapo, kabla hata hajashusha mzigo, nilimuuliza, "Hajambo?" Naye akajibu bila ya kusita, "Hajambo, anakunywa. Kala juzi." Wakati mwengine alinitajia hata ukubwa wa mjusi. Alifanya hivyo zaidi ya mwaka, mpaka mwenyewe nikasahau kuuliza. Bila shaka alimwachia njiani siku ile ile, kwenye majani, kabla hawajafika Kidichi. Bi Tatu hakuwa na nafasi ya kufuga nyoka wa mtu. Lakini aliubeba uongo ule pamoja na kuni zake kila wiki, akaniletea mlangoni, na mimi nikawa nalala usingizi.

Baba alirudi, ngoma ikapigwa, Mama akapika. Nilikua nikijua jambo ambalo hakuna aliyelijua, kwamba mimi ndiye niliyemwokoa mama yangu. Nilipoanguka mtihani nilijipoza kwalo. Nilipoolewa na mtu asiyenithamini nilijipoza kwalo.

Halafu nikazaa mtoto wangu wa tatu, damu ikanipungukia, na muuguzi akasimama miguuni mwa kitanda changu na kuniambia ninywe maziwa asubuhi na jioni, na yai. Alikuwa msichana mdogo, akisema kwa haraka maana alikuwa na wengine. Nikasema naam. Akaenda kitanda cha pili, na mimi nikabaki nimetazama dari, nikianza kuzipanga siku zile upya, moja moja: siku Mama alipozidiwa, siku alipopata nafuu, na gilasi ilikuwa na nini ndani yake. Haikuwa hesabu ngumu. Ningeweza kuifanya tangu nina miaka kumi na mbili, na nadhani nilikataa kuifanya. Nilikuwa nimemtilia mama yangu maji katika dawa yake, nikawapa sisimizi maziwa yake. Kama Jumatatu ile Bi Tatu angeumwa na kichwa tu akabaki kwao Kidichi, ningemzika Mama nikiwa na miaka tisa, na ningelia kwa kuwa nyoka hakunywa.

Nilijiambia nitamwambia. Miaka ikapita thelathini na kitu nikijiambia. Kuna maneno ukishayakalia sana yanashika kiti.

Mama aliishi mpaka akawa mwepesi kama kapu tupu, na mwisho wake nilimuuguza mimi. Nilikuwa nampa uji kwa kijiko, nusu unaingia nusu unarudi. Jioni moja alikataa kijiko, akaushika mkono wangu, akacheka. Meno hana.

"Unakumbuka ulivyokuwa ukininywia maziwa yangu?" akasema.

Kijiko kikabaki hewani.

"Ati nini, Mama?"

"Pale nilipofiwa na mtoto, baba yako yuko Pemba. Ukidhani sijui? Maji matupu yale uliyokuwa ukiniletea. Nikikusikia bandani, nikisikia kikopo kinagonga. Nikasema, mwanangu ana njaa, hakuna anayemtazama, wote wamenishughulikia mie. Bibi yako angelijua angekupiga. Nkamwambia maziwa mazuri." Alipumzika, akavuta pumzi. "Na yai nkawa nakuachia nusu. Nilishamzika mmoja, sikuwa na nia ya kuamka. Lakini nikisikia kile kikopo nikisema, anakunywa. Madhali huyu anakunywa, mie sifi."

Nilikuwa na yote ulimini, tangu makumbi mpaka sahani ya bati. Miaka yote hiyo nimeyaweka kwa ajili ya saa ile. Mama alikuwa akinitazama kwa macho yake yaliyokwisha kuingia ukungu, anangoja, kama mtu aliyempa mwenzake kitu zamani na anataka tu kusikia kwamba kilifika.

"Yalikuwa matamu?" akaniuliza.

"Matamu, Mama," nikamwambia. "Nilikunywa yote."